Mabaki Yenye Mwenyewe

Katika kihamba, shamba la nyumbani la Mchagga, ganda la ndizi halina safari ndefu. Linatoka mkononi mwa mama anayemenya, linaangukia kwenye beseni, linaishia mdomoni mwa ng'ombe anayesubiri bandani, hatua chache kutoka jikoni. Siku mbili tatu baadaye ganda lile ni samadi, na samadi ile itabebwa kwa karai hadi kwenye shina la mgomba, pengine mgomba uleule uliozaa ndizi ile. Hakuna anayeuita mzunguko huo kwa jina lolote. Ni kazi za nyumbani tu.

Wakubwa wa biashara duniani wameupa jina: uchumi mzunguko. Mwaka 1990 wanauchumi wawili wa Uingereza, David Pearce na Kerry Turner, waliuandika kitabuni. Miaka ishirini baadaye ukapata mtetezi mwenye sauti kubwa, Ellen MacArthur, Mwingereza aliyeizunguka dunia peke yake katika mashua ya tanga mwaka 2005, akajua baharini maana ya kuishi kwa akiba isiyoongezeka. Taasisi aliyoizindua mwaka 2010 imewashawishi wenye viwanda wengi kwamba kitu kikishatumika hakijafika mwisho.

Historia ya Moshi inaniambia jambo hilohilo kwa namna nyingine. Kwa karne nzima na zaidi, mabaki ya mlima wa Kilimanjaro, ulio juu ya mji huu, yamekuwa yakirudi kazini kila yalipokuwa na mtu anayeyahitaji. Yalipomkosa mtu huyo ndipo yalipoitwa taka.

Kihamba, kabla ya reli

Ukanda wa vihamba umeuzunguka mlima kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, upande wa kusini na wa mashariki, ambako mvua inatosha. Ardhi ni ndogo na watu ni wengi. Kwa sababu hiyo Wachagga hawakulima kwa kutandaza, walilima kwa kupandisha: chini viazi na magimbi, juu yake migomba, juu ya migomba miti ya kivuli, mbao na dawa. Maji yaliletwa na mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mkono kutoka kwenye mabonde ya juu, na kila ukoo ulijua siku yake ya kufungulia.

Uhaba huohuo wa ardhi ndio uliomweka ng'ombe bandani. Kwenye mteremko ambao kila shubiri imepandwa hakuna pa kuchunga, kwa hiyo majani yalimfuata ng'ombe badala ya ng'ombe kuyafuata majani. Wanawake waliyakata tambarare, wakayafunga mizigo na kuyapandisha kichwani kwa saa kadhaa. Watu wakisifia busara ya kihamba, husahau kwamba mzunguko ule ulizungushwa na shingo za akina mama.

Ila busara ilikuwepo. Ndizi mbivu na ulezi vilipikwa pombe ya mbege, machicha yake yakarudi kwa mifugo. Jani la mgomba lilifungia chakula, likaezeka nyumba, na likichakaa likaoza shambani kulinda unyevu. Kiangazi kikikaza, shina la mgomba lilikatwakatwa likawa chakula na maji ya ng'ombe kwa wakati mmoja. Watafiti Fernandes, Oktingati na Maghembe walipochapisha uchunguzi wao mwaka 1984, walikuta kihamba cha wastani hakifiki hata hekta moja, kina hekta 0.68 tu, na bado walihesabu aina zaidi ya 100 za mimea katika vihamba walivyovipitia. Mwaka 2011 kihamba cha Shimbwe Juu, juu ya mji wa Moshi, kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Kilichoufanya mfumo huo udumu ni umbali mfupi. Anayekula, anayelisha na anayepanda walikuwa watu wa ua mmoja, kwa hiyo kila kilichobaki kilikuwa na mwenyewe kabla hakijafika chini.

1898–1937: Gunia linashuka

Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari Wakatoliki wa Kilema walipanda mibuni ya arabika. Mbuni ulikubalika, na sababu yake ni rahisi: uliingia chini ya kivuli cha mgomba bila kumfukuza mtu. Ulikula samadi ileile na kunywa maji ya mfongo uleule.

Lakini ulikuwa mgeni wa aina tofauti, kwa kuwa matunda yake hayakuliwa nyumbani. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mwaka 1920 kukaanzishwa mjini kampuni ya kukoboa kahawa, Tanganyika Coffee Curing Company. Kwa mara ya kwanza mlima ulipata tundu kubwa la kutolea mali yake. Charles Dundas, mtawala Mwingereza wa Moshi, aliwahimiza Wachagga walime kahawa, huku walowezi wakipinga kwa madai kwamba mashamba ya Waafrika yataeneza magonjwa na wadudu. Jibu la wakulima lilikuwa kuungana. Mwaka 1925 walianzisha Kilimanjaro Native Planters Association, kikiongozwa na Joseph Merinyo, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jina lake bado limeandikwa kwenye jengo lake katikati ya mji.

Merinyo namhesabu kuwa kiongozi wa kwanza wa biashara kubwa ya Kiafrika mlimani. Alielewa kwamba mkulima mmojammoja atapunjwa bei, na hilo ndilo lililokuwa pambano la kizazi chake: nani anauza, nani anapanga bei. Liliendelea hata baada yake, mpaka mwaka 1937 wakulima wenyewe walipofanya fujo na kubomoa maghala ya ushirika kwa kulazimishwa kuuza kahawa yote huko.

Katikati ya pambano hilo mzunguko wa udongo ulibadilika polepole. Mkulima alimenya kahawa yake nyumbani kwa mashine ya mkono, na ganda laini la nje likarudi kwenye shina la mgomba. Ganda gumu la ndani lilisafiri na punje hadi kiwanda cha kukoboa Moshi, likabaki huko. Punje ikapanda treni, ikavuka bahari. Kutoka upande wa pili zilikuja fedha na mrututu, dawa ya shaba iliyonyunyiziwa mibuni dhidi ya magonjwa, mwaka baada ya mwaka, na shaba haiozi, hubaki udongoni.

Nisieleweke kwamba kahawa ilikuwa hasara. Fedha zake zilijenga shule, zahanati na nyumba za bati, na mwaka 1963 Moshi ikapata Chuo cha Ushirika ambacho kimesomesha nchi nzima. Huo nao ni mrejesho. Lakini shule hailishi mgomba. Ugonjwa wa chulebuni ulipoishambulia mibuni, vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 na kurudishwa 1984, na bei ya dunia ilipoporomoka mwaka 1989 baada ya makubaliano ya mgawo wa soko kuvunjika, mkulima alijikuta na mibuni mizee juu ya udongo uliochoka. Wengi walikata, wakapanda nyanya, mahindi au migomba zaidi.

1930–2000: Miwa tambarare

Wakati kahawa ikishuka mlima, Mdenmark mwenye meli, A. P. Møller, aliingia biashara ya sukari kwenye joto la Arusha Chini, kilomita kama 20 kusini mwa Moshi. Kampuni yake ya mwaka 1930, Tanganyika Planting Company, watu wa Moshi wanaiita TPC mpaka leo. Mvua ya pale haitoshi muwa, na ardhi yake ina chumvi. Kilichowezesha ni mlima: maji ya mito Weruweru na Kikuletwa, pamoja na visima, yalielekezwa kwenye mifereji ya umwagiliaji. Mlima uliokuwa ukinywesha vihamba sasa ukanywesha kiwanda pia.

Kampuni ilipita mikononi mwa serikali mwishoni mwa miaka ya 1970, ikaishi miaka ya uhaba wa vipuri na fedha za kigeni kama viwanda vingine vya umma. Nataka nibaki kwenye jambo moja la enzi ile, kwa sababu linaeleza yaliyofuata.

Ukiponda tani 100 za miwa unapata sukari kama tani 10, molasi tani 3 au 4, matope ya chujio kiasi hichohicho, na makapi ambayo mafundi huyaita bagasi, tani 28 hadi 30, nusu yake ikiwa maji. Sukari ndiyo iliyohesabiwa. Makapi yalikuwa mara tatu ya sukari kwa uzito, na yalikuwa kero: yakirundikwa huchachuka, hupata joto, na huweza kuwaka yenyewe. Kwa hiyo viwanda vya zamani vya sukari, popote duniani, vilijengewa boila zenye ulafi, zinazomeza makapi mengi na kutoa mvuke wa kutosha kuendesha kiwanda tu. Ufanisi mdogo haukuwa kosa la mhandisi. Alitakiwa ayamalize, na aliyamaliza. Hakukuwa na mnunuzi wa nguvu iliyokuwa ndani yake, basi ikaachwa itoke kwenye bomba la moshi.

Kreti na miche: Reginald Mengi

Mfanyabiashara Reginald Mengi wa Machame alikuwa akisimulia kwamba alikulia katika nyumba ya udongo ambamo walilala pamoja na mifugo. Hiyo ndiyo shule ya kihamba niliyoieleza hapo juu. Kutoka huko alikwenda Uingereza kusomea uhasibu, akarudi Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kupanda hadi kuongoza Coopers & Lybrand nchini. Miaka ya 1980, nchi ikiwa haina hata kalamu za kutosha, alianza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake Dar es Salaam. Biashara hiyo ilizaa kundi la makampuni la IPP, na ndani ya IPP mkawemo kiwanda cha soda cha Moshi, Bonite Bottlers.

Mtoto yeyote aliyetumwa dukani miaka ile anaujua mzunguko wa chupa kuliko mhadhiri wa chuo. Bila chupa tupu huuziwi soda, labda uweke rehani ya fedha au unywe umesimama palepale. Chupa ilirudi dukani, kutoka dukani ikapanda lori ndani ya kreti, ikafika kiwandani, ikaoshwa, ikajazwa tena. Chupa ileile ilinywewa harusini Marangu na msibani Kibosho. Hakuna aliyehubiriwa mazingira. Kila mtu katika mnyororo ule alikuwa na fedha yake ndani ya kioo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na chupa zile zilikuwa na daftari.

Mengi alielewa pia kwamba kiwanda cha vinywaji ni kiwanda cha maji, na maji yale ni msitu. Aliongoza kampeni kubwa ya kupanda miti mkoani Kilimanjaro, akagawa miche, akavuta shule na makanisa kwenye kazi hiyo, na akawahi kuwa mwenyekiti wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Wakati huo mlima ulikuwa unahitaji kelele. Ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili wanakijiji wapate kuni na mbao bila kuingia msituni ulikuwa umechakaa, na uchunguzi wa kutoka angani wa mwaka 2001 ulionyesha mashimo ya ukataji haramu ndani ya msitu wenyewe. Mwaka 2005 msitu huo ukaunganishwa na hifadhi ya taifa.

Ninamheshimu kwa hilo, na heshima hiyo hainizuii kuona upande wa pili. Kiwanda hichohicho cha Moshi kilipeleka nchi nzima maji ya kunywa katika chupa za plastiki, ambazo hazirudi na kreti. Soko lilitaka chupa nyepesi, isiyo na rehani. Kioo kilikuwa na mwenyewe hadi mwisho wa safari. Plastiki ilimpoteza mwenyewe pale ilipofunguliwa.

2000–2010: Makapi yanapata mnunuzi

Mwaka 2000 serikali iliuza asilimia 75 ya TPC kwa kampuni ya Sukari Investment, ikabaki na asilimia 25. Nyuma ya jina hilo walikuwa wenye viwanda vya sukari wa Mauritius na Réunion. Nadhani hapa ndipo penye kona ya historia hii, ingawa wakati ule watu wengi waliona ubinafsishaji mmoja tu kati ya mingi.

Visiwa vile havina mafuta wala makaa ya mawe. Vilichonacho ni miwa. Kwa sababu hiyo Mauritius ilianza kununua umeme wa makapi kutoka kiwanda cha sukari tangu mwaka 1957, na wenye viwanda wakazoea kuliona shamba la miwa kama sukari na kuni kwa pamoja. Walipofika Arusha Chini walikuta rundo ambalo kwao lilikuwa na bei. Mitambo ikafanyiwa ukarabati, mashamba yakapandwa upya, na uzalishaji wa sukari ukapanda hadi kuvuka tani 100,000 kwa msimu katika miaka mizuri.

Lakini mtambo mzuri hautoshi kama hakuna wa kumuuzia. Kwa miaka mingi mzalishaji mdogo wa umeme Tanzania alikuwa hana mlango wa kuingilia gridi. Bei ilikuwa ya kujadiliana na mkataba wa kuandikwa upya kila mara. Mlango ulifunguliwa na karatasi: kanuni za wazalishaji wadogo zilizosimamiwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, zenye mkataba mmoja wa mfano na bei inayotangazwa. TPC ilisaini na shirika la umeme, TANESCO, mwaka 2009, na mwaka 2010 umeme wa ziada, hadi megawati 9, ukaanza kuingia kwenye gridi. Boila yenye ulafi sasa ilikuwa hasara, kwani kila kilo ya makapi iliyochomwa hovyo ilikuwa fedha iliyopotea. Mhandisi aliyekuwa akitakiwa kuyamaliza makapi akatakiwa kuyabania.

Mabaki mengine nayo yalikuwa na njia zao. Matope ya chujio, yenye fosforasi, ni mbolea. Katika kilimo cha miwa hurudishwa shambani, na kwenye ardhi yenye chumvi kila toroli la mboji lina kazi. Molasi ilipata wanunuzi wawili tofauti kabisa. Mmoja ni kiwanda cha kunereka alkoholi kilichopo wilaya ya Mwanga. Mwingine ni mfugaji wa mlimani.

Huyu wa pili ananigusa zaidi. Wafugaji wa Machame, Kibosho na Marangu wenye ng'ombe wa maziwa wawili au watatu bandani hununua molasi kwa galoni, wakaichanganya na maji na kuinyunyiza kwenye mabua makavu ili ng'ombe ayapende. Mabua yenyewe yanapanda kutoka mashamba ya tambarare kwa gari na pikipiki, safari ileile waliyoifanya bibi zao na mzigo kichwani. Ng'ombe wengi wa aina hii walisambaa kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba, ndama jike wa kwanza unampa jirani. Na kuanzia mwaka 2009, mradi wa taifa wa biogesi uliosimamiwa na kituo cha teknolojia za kilimo cha Arusha, CAMARTEC, uliwasaidia baadhi yao kujenga mitambo ya gesi. Kinyesi kinaingia kwenye shimo la zege, gesi inapika uji, tope linalotoka linakwenda kwenye mgomba. Maji ya mlima yaliyoshuka kunywesha muwa yamerudi juu, yakiwa molasi, hadi kwenye shina la mgomba. Mzunguko uliokatwa na gunia la kahawa umepata mshono mmoja.

2006–2019: Mfuko usio na mnunuzi

Moshi inasifiwa kwa usafi, na sheria ndogo za manispaa dhidi ya kutupa taka hovyo zinaogopwa kweli. Hata hivyo mfuko wa plastiki uliishinda. Marufuku ya mifuko myepesi ilitangazwa mwaka 2006 na haikushika. Mifereji iliziba, ng'ombe na mbuzi wakaimeza, na upepo ukaipeleka hadi kwenye mifongo.

Chupa ya maji ya plastiki haikufikia hali hiyo, na tofauti yake inafundisha. Chupa ina bei kwa kilo. Vijana na akina mama huiokota alfajiri, wakaipeleka kwa mnunuzi mwenye mizani, naye akaipakia lori la viwanda. Kwa kipato kidogo na jua kali, waokotaji hao wanafanya kazi ambayo kreti ilikuwa ikiifanya, na hakuna aliyewahi kuwaita wadau. Mfuko mwembamba haukuwa na uzito wa kufika kwenye mizani. Hakuna aliyeuokota kwa sababu hakuna aliyeununua.

Reginald Mengi alifariki Dubai tarehe 2 Mei 2019, akazikwa nyumbani Machame wiki moja baadaye. Tarehe 1 Juni mwaka huohuo mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchi nzima, na safari hii ikashika. Katika soko la Mbuyuni akina mama walitoa vikapu vya ukindu vilivyokuwa vimening'inia miaka mingi, na wauzaji wa nyama wakarudia karatasi.

Lango la Mweka

Mlima wenyewe, ulio hifadhi tangu mwaka 1973, una mzunguko wake wa kulazimishwa. Chupa za maji za kutupa zimekatazwa njiani. Mgeni hubeba za kujaza tena. Wapandaji wa njia ya Machame huteremkia Mweka, na pamoja nao wapagazi wakiwa na mifuko ya taka za siku sita: makopo, maganda ya mayai, karatasi za biskuti. Langoni mifuko hupimwa, kwa kuwa taka zilizopanda lazima zishuke, na kampuni isiyo na uzito wake hujieleza.

Mchana mmoja nilisimama pale nikitazama mizani. Mpagazi alitua mzigo, akasubiri namba iandikwe, akaweka sahihi kwa niaba ya kundi lake. Kisha akafungua fundo la mfuko, akatoa maganda ya ndizi aliyokuwa ameyatenga peke yake, akayatia kwenye kikapu chake. Nyumbani kwake ni hapohapo chini ya lango.